Kiti cha rili kilichogeuka: uchambuzi wa fimbo moja ya ratili 50

Fimbo yenyewe ni ya boti ya uvuvi wa kitalii kutoka Watamu. Ni fimbo fupi ya kuvulia umesimama, sentimita 168 kutoka kitako hadi ncha, daraja la ratili 50, yaani ya mshipi wa nguvu hiyo, ambalo kwa hesabu ya IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, ni kilo 24. Pete zake za kupitisha mshipi ni za roli, kitakoni ina gimbali, kofia ya alumini yenye mkato wa msalaba unaokaa kwenye pini ya holda (bomba la botini la kusimamishia fimbo), na ufito wake, ule mti wenyewe wa fimbo, ni faibaglasi iliyochanganywa na kaboni, kipande kimoja kutoka ncha hadi ndani ya gimbali. Ililetwa karakana wakati wa kusi, miezi ile boti zimevutwa juu na kila nahodha anashughulikia alichokivumilia kaskazi nzima. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Fundi, kiti kinacheza hiki. Sulisuli akivuta kushoto, rili inalala kulia."

Kwa asiyeijua kazi hii, rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na kiti chake ni lile bomba fupi linalovishwa kwenye ufito, lenye mdomo mmoja usiohama na mwingine unaosukumwa na nati. Mguu wa rili hubanwa katikati ya midomo hiyo miwili. Rili basi imeshikwa na chuma, unaweza kuiona na kuikaza kwa mkono. Lakini kiti chenyewe kwenye ufito hakishikwi na nati wala parafujo. Kinashikwa na gundi tu, iliyofichwa chini ya bomba, na fundi aliyeipaka ndiye mtu wa mwisho kuiona.

Kabla ya kukata chochote ilibidi kujua ni nini hasa kinachocheza, maana "kiti kinacheza" ni neno linalobeba magonjwa manne. Mguu wa rili unaweza kuwa mwembamba kuliko mdomo. Mdomo usiohama unaweza kuwa umelegea kwenye bomba lake. Gimbali inaweza kuwa ndiyo inayozunguka, na mtu aliyeshika fimbo akadhani ni kiti. Au bomba zima linageuka juu ya ufito. Njia ya kutofautisha ni rahisi na haihitaji kifaa: kalamu ya kuchora alama. Nilipiga mstari mmoja ulionyooka kuvuka mguu wa rili, bomba, mpini wa mbele na mpini wa nyuma, na mwingine kwenye ungio la gimbali, halafu tukaisokota fimbo ikiwa imefungwa kwenye holda. Mstari ulikatika mahali pamoja tu, kati ya bomba na mipini miwili. Ukiachia, bomba linarudi karibu na pale lilipokuwa, lakini si pale pale. Huko kurudi nusu kulinitosha kukisia kwamba ndani kuna kitu laini.

Nahodha alikuwa na maelezo yake, na yalikuwa matamu: samaki mkubwa wa mwisho wa msimu, aliyepiga mbizi chini ya boti, mgeni hakujua la kufanya, fimbo ikalala juu ya ubao. Mabaharia wake waliyathibitisha. Siyakatai kama habari ya samaki. Kama sababu ya kiti kulegea hayasimami, na hesabu yake ni fupi.

Breki ya rili kwenye daraja hili kwa kawaida hupangwa karibu theluthi moja ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo kilo 8, ambazo ni nyutoni 78 hivi. Roli ya ncha imesimama kama sentimita 2 na nusu kutoka katikati ya ufito. Samaki akivuta ubavuni kabisa, msokoto unaofika kwenye kiti ni 78 mara 0.025, karibu nyutoni-mita 2. Sasa tazama upande wa gundi. Bomba lina urefu wa milimita 110 na ufito pale una kipenyo cha milimita 20, kwa hiyo eneo la kushikana ni kama milimita za mraba 6,900. Nyutoni-mita 2 kwenye nusu kipenyo cha milimita 10 ni nguvu ya nyutoni 200. Gawanya kwa eneo, unapata nyutoni 0.03 kwa kila milimita ya mraba. Epoksi ya kawaida iliyopakwa juu ya mahali palipoandaliwa vizuri huhimili zaidi ya nyutoni 10 kwa eneo hilo hilo. Hiyo ni zaidi ya mara 300. Hata kama aliyeijenga angepaka pete mbili tu za gundi, kila moja upana wa milimita 5, mzigo ungefika 0.3, bado mbali sana na kuvunjika. Ongeza mgeni asiyejua na ubao wa boti, zidisha mara tano ukitaka, gundi iliyoshika haitikisiki.

Kwa hiyo nilipokea kazi nikiwa nimeshaamini kwamba gundi ya fimbo hii haikushindwa nguvu. Ilikosa pa kushika.

Kuna dawa ya haraka ambayo mafundi wengi wangeanza nayo, na mteja huipenda kwa sababu fimbo inarudi boti keshoye: toboa matundu mawili matatu madogo kwenye bomba, upande wa chini usioonekana, sindano ya hospitali ijae epoksi nyepesi, sukuma mpaka itoke tundu la pili, futa, ziba. Siidharau. Kama ndani kuna bushi nzima (pete ya kujazia pengo kati ya ufito na bomba) ya sponji ngumu au koki, na pengo ni jembamba na kavu, dawa hiyo hudumu. Lakini bomba hili lilikuwa linarudi likiachiwa, na nilipolinusa pembeni lilikuwa na harufu ya chumvi iliyochacha. Gundi inayosukumwa juu ya unyevu hushika unyevu. Tukakubaliana kufungua.

Kufungua fimbo iliyokwisha jengwa kuna utaratibu ambao ujenzi mpya hauna. Kiti hakiwezi kutokea mbele kwa sababu ya pete, wala kipya hakiwezi kuingia kutoka huko. Njia ni moja, kitakoni, na njiani kuna gimbali na mpini wa nyuma. Gimbali niliitoa kwa maji ya birika yanayotokota: unamwagia alumini polepole, inapasha moto gundi iliyo chini yake, kisha unaishika kwa kitambaa na kuisokota. Epoksi nyingi hulainika kabla ya joto la maji yanayochemka, na ufito wenyewe haudhuriki kwa muda huo mfupi. Moto wa gesi usikaribie. Tazama kwanza kama gimbali ina pini au skrubu ndogo ubavuni, maana nyingine zinayo, na nimeona ufito uliopasuka kwa kulazimishwa. Mpini wa nyuma ulikuwa sponji ya EVA iliyochakaa, ukakatwa kwa kisu na kutupwa. Wa mbele ulikuwa mzima, ukabaki.

Bomba lilikatwa kwa grainda ndogo yenye diski nyembamba, mistari miwili kwa urefu, mmoja mkabala wa mwingine. Diski haifiki chini. Unaacha ngozi nyembamba ya mwisho, kisha unaingiza ncha ya bisibisi kwenye mfereji na kuizungusha, bomba linapasuka lenyewe. Ukifukuza mstari mpaka mwisho utaukata ufito, na ufito uliokatwa nyuzi zake mahali pale ni fimbo ya kutundika ukutani.

Ndani kulikuwa na tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, imezungushwa mfululizo kutoka mwanzo wa kiti hadi mwisho bila nafasi hata moja. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, laini, ya kumenyeka kwa ukucha. Kiti kilikuwa namba 24. Kwa viti hivi vya plastiki yenye kaboni namba hukaribia kipenyo cha ndani kwa milimita, kwa hiyo fundi alikuwa na pengo la karibu milimita 2 kila upande, akalijaza lote kwa karatasi. Gundi ilikuwa juu ya tepu na kwenye ncha mbili, pete mbili za epoksi ngumu, ya kung'aa, ya aina ile inayokauka kwa dakika chache.

Pete hizo ndizo zilizonipa jibu. Zilitoka vipande vipande kama ganda la yai, na nilipokigeuza kipande kimoja upande wake wa ndani ulikuwa laini kama kioo. Gundi inapovunjika kwa kuzidiwa, huacha nusu yake huku na nusu kule, na sura yake huwa na makovu. Gundi inapotoka nzima ikiwa na sura laini, haikuwahi kushika. Chini yake ufito ulikuwa bado na vanishi yake ya dukani, haujaguswa na msasa. Aliyeujenga, kiwandani au mahali pengine, aliipaka epoksi juu ya rangi inayong'aa, na juu ya tepu ambayo yenyewe imeshikwa na ufito kwa ile gundi yake ya kunata tu.

Naongeza neno kuhusu tepu, kwa sababu kila nikieleza kisa hiki kuna anayehitimisha kwamba tepu ni haramu. Sivyo. Pete nyembamba za tepu, upana wa milimita 6 hivi, zenye nafasi kati yao zilizojazwa epoksi mpaka iguse ufito, na ncha mbili zikafungwa kabisa kwa gundi, ni njia ambayo wajenzi wengi wa fimbo duniani wameitumia na fimbo zao zinavua. Kwa fimbo ya trauti ya mito ya Aberdare singesema neno. Kwa fimbo inayooga maji ya chumvi kutwa, karatasi ndani ya kiti ni utambi: mahali popote gundi ya pembeni ikipasuka unywele, maji yanaingia na hayatoki.

Bado kuna swali: kama gundi haikushika, kiti kilikaaje misimu yote hiyo? Kilikaa kwa msuguano. Tepu kavu iliyobanwa hushika vizuri sana. Kilichoimaliza, kwa maoni yangu, si samaki bali holda. Fimbo ya kukokotea chambo haishindi mikononi mwa mtu. Inashinda kwenye holda, pini ya holda ikiwa imekamata msalaba wa gimbali ili fimbo isizunguke, na juu ya kiti imekaa rili ya karibu kilo 2 pamoja na mshipi wake, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 7 hivi juu ya ufito. Boti ikilala nyuzi 30, uzito huo unasokota kiti kwa karibu nyutoni-mita 0.7. Ni kidogo. Lakini unakwenda na kurudi. Wimbi moja kila sekunde 5 ni mara 720 kwa saa, huku na huku, na boti hutoka alfajiri na kurudi alasiri. Karatasi husagika kwa kusuguliwa hivyo, na ikishasagika maji yanapata njia. Samaki aliyelaumiwa alikuta kazi imeshafanyika.

Hili lina maana kwa kingine ambacho nahodha alikuwa amejaribu. Rili za daraja hili huja na kabari yake, kibao cha chuma chenye skrubu mbili kinachopita chini ya kiti na kuifunga rili isitoke. Alikuwa ameikaza kabari mpaka ikaacha alama kwenye bomba. Kabari huishika rili kwenye kiti. Kiti kwenye ufito haikishiki hata kidogo, na kuikaza zaidi kwenye kiti cha plastiki ni kukiponda.

Sasa vipimo vya kiti kipya. Ufito ni mnene zaidi kitakoni na hupungua kuelekea ncha. Venia, kile kipimo cha unene, ilisoma milimita 21.3 kitakoni, 20.4 pale nyuma ya kiti inapokaa, na 19.6 pale mbele yake. Kiti lazima kipite kwenye 21.3 ndipo kifike mahali pake, kwa hiyo chochote kitakachopita kitakuwa na nafasi kikishafika. Hapo ndipo watu hushawishika kupunguza kitako cha ufito kwa msasa. Usifanye hivyo. Nyuzi za nje ndizo zinazobeba, na kitako kinachoingia kwenye gimbali ndipo fimbo inapoegemea.

Nilikataa plastiki safari hii. Kiti cha plastiki yenye kaboni ni kizuri, chepesi, hakili kutu, na kwa fimbo za ratili 20 au 30 nakifunga bila wasiwasi. Juu ya hapo, mvuvi anapoiegemea rili kwa mkanda wa mgongoni, nataka alumini na nati mbili, ya pili ikiifunga ya kwanza. Kulikuwa na viti viwili vya alumini vya kuchagua. Cha kwanza kilikuwa kizuri mno kwa macho, ndani milimita 20.8. Nahodha alipendekeza tukipeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza akipanue. Nilipima unene wa ukuta chini kabisa ya meno ya parafujo: 1.4. Ili kipite kitakoni kilihitaji angalau 22.0 ndani, maana yake kunyofoa 0.6 kila upande na kuacha 0.8 chini ya meno. Bomba la namna hiyo halivunjiki siku ya kwanza. Linabonyea pale kabari inapokazwa, nati zinakwama, na mtu anakwenda kwenye koleo. Kupanua kwa msasa kidogo kwenye sehemu isiyo na meno, robo milimita hivi, ni kazi ya kila siku; kupanua kwa mashine chini ya meno mimi sikufanya. Cha pili kilikuwa 22.2. Kikiwa mahali pake kingeacha pengo la 0.9 nyuma na 1.3 mbele, pengo ambalo epoksi nzito inalijaza bila bushi yoyote.

Kiti hicho nacho hakikuja tayari. Mguu wa rili ulikuwa mnene kuliko mdomo usiohama, kwa chini ya milimita moja, ukawa unaingia nusu tu. Mguu ulioingia nusu hukazwa ukiwa umeinama, na nati ikilegea kidogo rili inaruka. "Piga tupa mguu, Fundi, dakika tano," ndivyo alivyosema, na angepata mafundi wengi wa kumkubalia. Nilipiga tupa mdomo. Mguu wa rili unasafiri na rili. Kesho itafungwa kwenye fimbo nyingine na ule mguu uliopunguzwa utacheza kule. Pia mguu ule ni wa kumimina, na sehemu nyembamba iliyopigwa tupa ndipo ufa huanzia. Kiti kitabaki na fimbo hii na rili ya ukubwa huu. Kazi yenyewe ni ya subira: tupa ya nusu duara, mikwaruzo michache, jaribu mguu uliopakwa wino wa kalamu, angalia wino umeachwa wapi, rudia pale tu. Mguu ulipoingia mpaka mwisho bila kulazimishwa nikaacha. Hasara yake ni kwamba tupa huondoa ile ngozi ya rangi inayoilinda alumini, na mahali pale patabaki wazi. Vanishi haidumu kwenye mdomo kwa sababu mguu unaikwangua, kwa hiyo pale ni grisi ya baharini kila msimu, na nahodha aliambiwa hivyo kwa maneno hayo hayo.

Ndani ya bomba nilipitisha msasa namba 80 uliozungushwa kwenye kijiti, kwa mikwaruzo ya kupishana, kisha spiriti, kisha gundi siku hiyo hiyo, kwani alumini iliyokwanguliwa huanza kujifunika tena mara moja. Kwenye ufito ulitumika msasa namba 220, mpaka mng'ao wote uondoke na nyuzi zisiguswe. Ukiona vumbi jeusi limekuwa la nyuzinyuzi, umepita.

Badala ya tepu ya karatasi nilitumia tepu ya wavu ya faibaglasi, ile ya maungio ya jipsamu, inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Mizunguko mingi zaidi mbele, michache nyuma, mpaka kiti kikawa kinaingia kwa kubana kidogo. Wavu huliweka bomba katikati, na epoksi inapita kwenye matundu yake mpaka kwenye ufito. Una faida ya pili ambayo kwa kaboni siichukulii kirahisi. Kaboni na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya umeme mdogo, na anayeliwa ni alumini. Mabaharia wanaujua ugonjwa huo, ndiyo maana mashine za boti hufungwa zinki, iliwe badala yake. Kiti hakiwezi kufungwa zinki, kwa hiyo kisiguse.

Nahodha alikuwa na ombi moja zaidi: kiti kisogezwe mbele sentimita 6. Wazo lake si baya. Mkanda wa mgongoni hufungwa kwenye rili, na gimbali ndiyo egemeo. Katikati ya rili ilikuwa sentimita 48 kutoka kitakoni, ikiwa 54 mzigo mgongoni unapungua kwa karibu asilimia 11. Kanuni za IGFA nazo zinaruhusu. Zinataka kutoka chini ya katikati ya rili hadi ncha zisipungue sentimita 101.6, na hadi kitakoni zisizidi 68.58, na tungekuwa na 114 na 54. Nilikataa kwa sababu nyingine. Ungelazimika kukata mpini wa mbele uliokuwa mzima, rili ingeikaribia pete ya kwanza na mshipi ungeiingia kwa pembe kali zaidi unapotandazwa kwenye rili pana, na fimbo ya boti ya kitalii haina mtu mmoja. Leo anaivua jitu la futi sita, kesho binti wa miaka kumi na tano ambaye mkono wake haufiki. Kiti kilirudi palepale.

Kupanga mstari ndiko kulikochukua utulivu. Katika ujenzi mpya kiti hufungwa kwanza na pete hukifuata. Hapa pete zilikuwa zimeshafungwa uzi na kupakwa vanishi, kwa hiyo kiti ndicho kilichozifuata, na gimbali ikakifuata kiti. (Mjadala wa uti wa ufito, yaani upande wake ulio mgumu zaidi, na upande gani uwe juu, haukuhusika, ulishaamuliwa na aliyefunga pete, na kusema kweli kwa fimbo nzito kama hii sijaona tofauti.) Nilivuta uzi mwembamba kutoka katikati ya roli ya ncha hadi katikati ya mdomo usiohama, kiti kikiwa kikavu, nikaweka alama kwenye mpini wa mbele. Kisha gundi.

Epoksi ilikuwa ile nzito ya kukauka saa 24. Joto la Pwani huifupisha. Ikiwa imejaa kikombeni hujipasha yenyewe na kuganda mkononi mwako. Ichanganywe alfajiri na itandazwe juu ya kigae, ikiwa nyembamba haikimbii. Meno ya parafujo yalipakwa nta ya mshumaa na mfuko wa mdomo ukazibwa kwa nta hiyo hiyo, maana tone moja la epoksi ndani ya mdomo hufuta kazi yote ya tupa. Wavu ulilowanishwa kwanza kwa vidole mpaka ukawa hauonekani mweupe, bomba likapakwa ndani, likasukumwa huku likizungushwa ili hewa itoke. Nilijua limejaa nilipoona mkanda mzima wa gundi umetokea pande zote mbili bila kukatika. Alama zikalinganishwa, ziada ikafutwa kwa spiriti. Ncha ya nyuma, inapokutana na mpini mpya, ilijazwa gundi mpaka ikawa mteremko, maji yasipate kidimbwi.

Gimbali ilifungwa siku iliyofuata, rili ikiwa kitini na fimbo ikiwa ndani ya holda halisi ya boti aliyoileta nahodha. Msalaba una nafasi nne tu, lakini nyuzi chache za kukosea huonekana mara moja: rili inasimama imeinama na watu wote botini wataigusa kila wanapopita wakidhani imelegea. Pima maji ndogo juu ya rili ilimaliza ubishi.

Baada ya gundi kukauka kabisa fimbo ilijaribiwa kabla ya kulipiwa. Ubao wa sentimita 30 ulifungwa kwenye kiti mahali pa mguu wa rili, gimbali ikiwa kwenye pini, na mwisho wa ubao ukavutwa kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, mpaka kilo 5. Hizo ni karibu nyutoni-mita 15, mara saba ya msokoto wa samaki tuliouhesabu. Ukavutwa kushoto, kulia, kushoto tena. Mstari wa kalamu haukukatika. Mita ya fundi umeme, waya mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye kaboni iliyokuwa wazi kitakoni kabla ya gimbali, ilikuwa imeshaonyesha kwamba hakuna mguso.

Ikabaki hoja ya fimbo nyingine za boti hiyo, za aina moja, zilizonunuliwa pamoja. Mabaharia walitaka zote zifunguliwe. Nilipendekeza zipimwe kwanza kwa ubao na mizani hiyo hiyo, kwa kilo 2 tu, kwa sababu kuvuta zaidi kwenye kiti cha plastiki chenye tepu ni kukimaliza kwa mikono yako. Iliyotembeza mstari wake ifunguliwe kusi hii hii. Ambayo haikutembeza, pembeni za kiti zisafishwe, zikaushwe siku kadhaa kivulini, zipakwe epoksi nyepesi kuziba njia ya maji, na ipimwe tena boti itakapovutwa juu. Nahodha alilalamika kwamba huko ni kuahirisha. Ni kweli, lakini kila kiti kinachofunguliwa hupitisha diski ya grainda milimita chache juu ya ufito mzima, na kwa fimbo isiyo na ugonjwa siioni sababu ya kuuleta karibu hivyo.